Kitambaa cha Mama Kushoto

Shangazi yangu, dada wa baba, alikaa miaka ishirini na mitatu nyuma ya dirisha la kwanza la ofisi ya mpakani, akikagua magari ya watu wanaokwenda kutembea nchi jirani. Kwetu magari hupita upande wa kulia wa barabara. Ng'ambo hupita kushoto. Ndiyo maana madereva walimbandika jina la Mama Kushoto, na hata sisi wa nyumbani tulilizoea.

Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi, na kazini hakuwa na mchezo. Leseni, bima ya ng'ambo, kadi ya gari. Kisha anatoka nje na kufungua buti mwenyewe: pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, kisanduku cha huduma ya kwanza. Kizibao cha kung'aa akikikuta kwenye buti alikitoa na kukitupa kitini. "Gari likizimika gizani utakifuata nyuma bila kukivaa? Wakugonge?" Aliyelalamika aliambiwa sheria ni msumeno. Gari lisilo la dereva lilitakiwa kuja na barua ya mwenye gari, na hapo hata machozi hayakumtikisa. Namkumbuka bwana harusi mmoja aliyerudishwa kwa kuja na gari la shemeji yake bila barua, maua yakining'inia kwenye boneti.

Lakini akishagonga muhuri, aliuliza kila mtu swali lile lile: "Mkono wako wa kushikia tonge ni upi?" Dereva anainua wa kulia. "Basi huko fuata ule mwingine." Halafu anamfunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, polepole, kama mama anayemfunga mtoto vifungo vya shati la shule. Maprofesa walifungwa. Madereva wa malori wenye vifua vipana kama milango walifungwa, tena wametulia tuli. Hakuna kanuni iliyomtuma. Vitambaa alivikata mwenyewe nyumbani kwa mkasi wake wa kushonea. Nilimpenda sana kwa hilo, na bado nampenda.

Mumewe alipofariki alimwachia gari dogo la kijani, ambalo marehemu alikuwa akiliosha kila Jumamosi hata kama halijachafuka. Shangazi aliliendesha kwenda kazini na kurudi, basi. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwaka jana binti yake wa pekee, aliyeolewa ng'ambo, alijifungua kwa kupasuliwa. Mkwe alikuwa kazini mbali, na nyumba yao iko shambani, mwendo wa saa nzima kutoka stendi ya basi. "Mama, njoo na gari," binti alisema kwenye simu, sauti imemkauka. "Keshokutwa wanataka kunitazama kidonda, na sina wa kunipeleka."

Tuliondoka kesho yake alfajiri. Mimi nilikaa pembeni yake, nepi na chupa zimenijaa mapajani. Tulipofika kwenye foleni ya mpakani akazima injini ghafla, akafungua mkoba, akatoa kadi ya gari.

"Gari si langu," akasema.

"Shangazi, ni la nani kama si lako?"

"Kadi inasema ni la mume wangu. Haya, barua ya mwenye gari iko wapi?"

Karani wa dirisha la pili, jirani yake wa miaka tisa, alitoka nje kutusalimu. Alipoelezwa akacheka. "Mama, wewe pita tu. Nani atakuuliza?"

"Wewe ndiye unayetakiwa kuniuliza. Na yule bwana harusi nikikutana naye nitamwambia nini?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia, "Binti yako ana kidonda, mjukuu wako hujamwona hata uso, na wewe unamfikiria bwana harusi!" Akawasha injini. Akageuza gari.

Njiani ndipo aliposema. Hati zote za kubadilisha kadi zilikuwa kwenye bahasha chini ya kiti alichokalia, kamili, tangu mwaka wa msiba. Ilibaki sahihi yake tu. "Nikitia sahihi wanamfuta," alisema. "Nguo zake tuligawa. Simu yake nilimpa mdogo wake. Jina lake limebaki kwenye karatasi hii." Niliona haya kwa ukali wangu.

Alitia sahihi kwenye kaunta ya ofisi ya usajili mjini. Tukakaa kwenye benchi hadi saa nane mchana, ndipo wakamwita. Aliipokea kadi mpya bila kuitazama, akanipa mimi.

"Nisomee, mwanangu."

Nikasoma. Mwenye gari: yeye. Nikashuka mstari mmoja. Mwenye gari wa awali: mumewe, majina yote matatu.

Akaninyang'anya. Alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. Miaka ishirini na mitatu ameshika kadi za watu, na macho yake hayakuwahi kushuka mpaka mstari ule. Kazi yake ilikuwa jina la juu tu.

Saa kumi tulikuwa tena kwenye foleni. Karani wa dirisha la pili alimkagua bila upendeleo: buti, pembetatu, mtungi, kizibao kitini. Akagonga muhuri. Kisha akaenda kwenye droo ya shangazi mwenyewe, akarudi na kitambaa chekundu.

"Mama, mkono wako wa kushikia tonge ni upi?"

Shangazi, machozi na kicheko vimemshika kwa pamoja, hakungoja kuambiwa afuate ule mwingine, akainua wa kushoto.

"Haya, lete huo huo," akasema karani, akaanza kumfunga, polepole.