Msichana wa Kitabuni

Mwaka ule tulikula mihogo bila chumvi, tumekimbia vita Gitega, tunakaa Muyinga kwa shangazi. Shangazi aliandika vitabu vya msichana anayekamata wezi, lakini jalada lilibeba jina la bwana mmoja wa mjini.

Juzi mjukuu wangu, anayesoma kunishinda, alinisomea kimoja, nikacheka, nikakumbuka alasiri moja ya mwaka ule. Nililala na malaria nyuma ya pazia, nyumba inanuka mihogo iliyolowekwa. Bwana yule akaja. “Bon, haya dada, huyu mtoto afe, tumalize.”

Nilidhani ni mimi, kumbe ni yule msichana wa kitabuni.

“Huyu mtoto hafi,” shangazi akasema.

Nikaketi, nikaomba uji. Bwana akabembeleza tena. Shangazi akanikorogea uji, akamjibu bila kugeuka: “Huyu mtoto hafi.”