Upande wa Mlangoni na Upande wa Dirishani

Mwanaamina binti Kitwana alipopangiwa kufundisha Gwata, mwaka wa hamsini na mbili, majirani wa Kisarawe walimwuliza baba yake kama kweli ameridhia binti kwenda mbali. Mzee Kitwana, mchuuzi wa nazi, aliwajibu kwamba mtoto anakwenda kukaa kwa shangazi yake Tatu, aliyeolewa huko. Tena akaongeza kuwa yeye amechoka kuulizwa maswali tangu binti huyo alipojua kusema. Sasa akawaulize watoto wa watu.

Hakumsingizia. Udogoni Mwanaamina aliwahi kufukua mbegu za kunde alizopanda mama yake, ili aone mzizi unatokea upande gani. Alichapwa. Kesho yake akafukua nyingine.

Chuoni, alikosomea ualimu, mkufunzi mmoja aliwasimulia jaribio lililofanywa Ulaya. Watoto waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilisoma habari ileile tena na tena. La pili liliisoma mara moja, likafunika kitabu, kisha kila mtoto akajaribu kuikumbuka mwenyewe. Waliorudia kusoma walijiona wanajua sana. Lakini siku zilipopita, waliojikumbusha ndio waliobaki na somo. Wanachuo wenzake waliandika, wakageuza ukurasa. Mwanaamina alibaki na kalamu mkononi. Watoto wa Ulaya ni wa Ulaya. Wa kwao je?

Shule ya Gwata ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na paa la makuti. Mwalimu mkuu, Bwana Mwinyimadi, alikuwa mtu wa makamo, kaptura yake haikosi pasi. Yeye alifundisha kwa kuitikiana: anasema, watoto wanapokea, hata wachota maji kisimani wakajua leo darasa la tatu limefika wapi.

"Rudia, Bibi Mwanaamina," alimshauri siku ya kwanza. "Mpunga haukobolewi kwa pigo moja."

Mwanaamina alimheshimu, na kwa miezi kadhaa alirudia kama alivyoambiwa. Lakini lile swali halikumtoka. Siku ya somo la mbu aliamua kulijaribu. Watoto wote walisoma ubaoni: mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, mayai huwa viluwiluwi, viluwiluwi huwa mbu. Kisha waliokaa upande wa mlangoni akawaachia kiranja aendelee kuwasomesha kwa sauti. Waliokaa upande wa dirishani akawatoa nje, wakakaa barazani, kila mmoja na kibao chake, akawaambia waandike wanachokumbuka. Baada ya hapo akawauliza mmoja mmoja, wenzao wakisikiliza.

Mambo yakaharibika. Ndani, watoto walikuwa wakitiririka kama maji. Nje, mmoja aliandika kwamba mbu hutaga juu ya mwembe, wengine walitafuna kalamu. Na msichana mmoja mpole, Sikuzani, alipoulizwa alisimama, akafumbua mdomo, akalia. Kesho yake hakuja shule.

"Umeona, Bibi?" alisema Bwana Mwinyimadi. "Wangu wameshiba, wako umewalaza na njaa. Na wazazi wameanza kusema kwamba mwalimu mpya hafundishi, anahoji watoto kama yuko barazani kwa liwali."

Mwanaamina jioni ile alikwenda kwa akina Sikuzani. Alimkuta mama yake, Bi Zubeda, akimenya mihogo uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Mwanangu amekosa nini?"

"Hajakosa. Nilikuja nimwulize jambo, akipenda."

Sikuzani alikuwa nyuma ya mlango. Vidole vya miguu vilionekana chini. Mwanaamina akaketi kwenye kigoda, akashika kisu, akamenya na mwenyeji wake. Baada ya muda sauti ndogo ikatoka mlangoni.

"Mwalimu, ukiniuliza mbele ya watu, yote yanakimbia. Ukishaniacha tu, yanarudi."

Kisu kikasimama. Kumbe yalikuwemo kichwani! Mkufunzi alikuwa amezungumza habari za kukumbuka. Habari za haya na hofu hakuzigusa.

"Na kama si mimi ninayekuuliza? Kama unamwambia mwenzako mmoja, kwa kunong'ona?"

"Mwanne, ninayekaa naye, simwogopi," alisema Sikuzani, na nusu ya uso wake ikatokeza.

Basi Sikuzani alirudi shule, na Mwanaamina akabadili utaratibu, akianza tena na somo la mbu. Watoto wa dirishani wakawa wanageukiana wawili wawili, wanaambiana walichokumbuka, kisha wanageukia ubao kujisahihisha. Kukosea hakukuwa na fimbo. Ila aliyekosea alitakiwa atazame mwenyewe ni wapi alipopotea. Upande wa mlangoni waliendelea kuitikiana kama kawaida, maana alitaka kuona mwisho wake.

Masika yakaingia kwa nguvu. Mto Ruvu ukafurika, njia zikakatika, na watoto wakabaki nyumbani kusaidia kupanda mpunga. Shule ilipofunguliwa tena, Mwanaamina hakufundisha jipya. Aliwaita mmoja mmoja barazani, wengine wasisikie, akawauliza habari za mbu.

Salumu, bingwa wa upande wa mlangoni, alianza vizuri sana. Sentensi ya kwanza ilitoka na mahadhi yake yote, ya pili ikakwama kama gari kwenye tope. Alipoulizwa viluwiluwi ni kitu gani, alianza tena sentensi ya kwanza. Wa dirishani hawakuwa na maneno mazuri, lakini walikuwa na kisa chenyewe. Mwanne alisema amemwambia bibi yake amwage maji yaliyokaa kwenye vifuu nyuma ya nyumba. Sikuzani alisimulia yote huku akitazama chini.

Mwanaamina akamwita Bwana Mwinyimadi aje asikie kwa masikio yake. Mzee akasikiliza, mikono nyuma, kisha akasema, "Huenda werevu ndio waliokaa dirishani."

Neno lile lilimchoma Mwanaamina. Alikwenda nyumbani amenuna, shangazi Tatu akamwuliza nani amemtia ndimu. Lakini alipokuwa akipepeta mchele aliliona: mzee amesema kweli. Hakuna aliyejua kama ni njia yake iliyowasaidia au ni akili zao tu.

Asubuhi alimfuata. "Bwana, tufanyeje ili tujue?"

Mwinyimadi alikuwa hakutegemea kuulizwa. Akafikiri. "Wabadilishe. Wa mlangoni wanong'one, wa dirishani waitikiane. Na kuuliza niulize mimi, wasije wakasoma jibu usoni mwako."

Wakafanya hivyo kwa somo la namna mvua inavyobeba udongo mashambani. Safari hii wa mlangoni ndio waliokumbuka zaidi, ingawa si wote, na hata Salumu alieleza kwa maneno yake jinsi kuta za matuta zinavyozuia maji. Kwenye hesabu za kuzidisha, hata hivyo, tofauti haikuonekana wazi, na Mwinyimadi akacheka mpaka akatoa kitambaa. "Basi kuitikiana kwangu hakujafa!" Tangu hapo wale wawili walikuwa hawaishi kubishana, ni somo gani linataka kurudiwa na ni lipi linataka kufunikwa, na mara nyingi kengele iliwakuta bado wanabishana.

Habari zilifika wilayani, na Mwanaamina akaitwa Kisarawe kuzungumza na walimu wapya. Kijana mmoja, Zahoro, alimwuliza mwenye darasa kubwa aanzie wapi.

"Usimalize kipindi kwa maneno yako," alimjibu. "Waachie dakika chache wafunike, waambiane, kisha wafunue wajisahihishe. Wiki ijayo warudishe kwenye somo lilelile walilokwisha kulisahau kidogo. Na yule anayelia usimsimamishe, mtafutie mtu asiyemwogopa."

Baadaye aliolewa na Isihaka, seremala wa Mlandizi, akahamia shule ya huko. Sikuzani aliendelea mpaka akavuka darasa la nne, walikofika wasichana wachache tu. Mwanaamina naye alikuwa ameshika jambo jingine: watoto waliouza machungwa gulioni walihesabu upesi kuliko mtu mzima, lakini hesabu zilezile zikiandikwa ubaoni waliduwaa. Siku za gulio watu walimwona Bibi Mwalimu amesimama na kikapu kitupu karibu na watoto hao, hanunui kitu, anasikiliza wanavyohesabu.