Uso Unaocheka

Mama alipopooza upande wa kulia, niliacha biashara yangu ya parachichi mjini Tukuyu nikarudi Kisondela kumuuguza. Subira sina, anayenifahamu anajua. Nilimlisha haraka haraka, nikagombana na mto, na shuka, na Mungu pia.

Aliyetuokoa ni dada mmoja wa mradi wa kuhudumia wagonjwa majumbani. Kila Alhamisi alishuka kwenye bodaboda, akavua viatu vyenye matope, akamkanda mama mkono huku wakipiga soga kwa Kinyakyusa. Mama alikuwa anageukia ukutani wiki nzima, ila siku hiyo alitaka nimchane nywele asubuhi na mapema.

Halafu tukasikia mradi unafanyiwa tathmini. Hofu ikatuingia. Majirani tukaambizana: jamani, tuusifie, tukilalamika watatunyang'anya. Kijiji cha jirani walishaulizwa, wagonjwa kwa picha za nyuso, basi na mama nikamfundisha. "Wakikuonyesha picha, gusa uso unaocheka."

Akaja kijana mpole wa tathmini, Kiswahili chake cha Tanga. "Shikamoo, bibi." Mimi akanisomea sentensi, niseme nakubali au nakataa. Mgonjwa wa kupooza anaweza kuhudumiwa na familia yake. Nakubali kabisa. Najiamini kumhudumia mwenyewe. Nikautazama ule mto, nikasema nakubali kabisa. Kisha akampangia mama picha za nyuso, kuanzia unaolia hadi unaocheka, achague anavyouona mradi. Mama akanyoosha mkono wake mzima, akagusa uso unaocheka, halafu akajaribu kucheka na yeye, kijana asije akawa na shaka. Nusu ya mdomo ndiyo iliyotii. "Ndaga," akamwambia, yaani asante.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mtazamo wetu umebadilika sana, walisema, familia sasa zinajiweza, kwa hiyo mradi umefikia lengo na unahamia kwingine. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Mimi roho iliniuma, tena nikakosa wa kumlaumu, maana kila walichosoma tulikisema wenyewe.

Alhamisi iliyofuata mama alitaka kuchanwa nywele. Nilikuwa nimeshamweleza, lakini nilimchana. Akakaa mlangoni akisikiliza kila pikipiki inayopanda mlima. Hakuna iliyosimama. Nilipomrudisha kitandani akaniuliza, "Mwanangu, au nilikosea kugusa?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Uligusa penyewe."