Kaizari Aliyefunikwa kwa Samaki

Kila nikipita sokoni Majengo na harufu ya dagaa wakavu ikanipata, hunyoosha mgongo. Wengine huziba pua. Mimi nina sababu yangu, na leo nitawaambieni.

Mama yangu aliuza dagaa. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kikuyu, na magunia yake yalilala kando ya kitanda changu. Sare yangu ilifuliwa ikaanikwa juani, lakini harufu iligoma kutoka. Darasani waliniita Nyemo Dagaa.

Nilipokuwa darasa la sita, Mwalimu Chilewa, aliyetufundisha historia, alitaka kila mmoja wetu asimulie maisha ya mtawala mmoja siku ya wazazi. Waliokaa mbele walichagua kwanza, wakawamaliza machifu wote wa karibu. Nikabaki na kitabu chakavu cha maktaba, na ndani yake kaizari wa Japani ya kale, mwenye jina lililoushinda ulimi wangu wa Kigogo.

Siku ilipofika mama alikuja na khanga yake ya kazini, akakaa nyuma. Wenzangu wakaanza kukohoa kwa makusudi. Nikasimulia hivyo hivyo: kaizari alichoka kuwa mtawala wa jina huku wapiganaji wakiamuru nchi, akapanga kuwaondoa, akasalitiwa, akapelekwa kifungoni katika kisiwa cha mbali.

"Akatoroka kwa mashua," nikasema. "Maadui wakaikamata, wakaipekua, wasimwone. Mabaharia walikuwa wamemfunika kwa samaki wakavu."

"Kama dagaa?" akauliza mmoja, na darasa zima likaangua kicheko.

Nikamtazama mama. Alikuwa ametulia, ananitazama vilevile.

"Kama dagaa," nikajibu. "Na alipotoka chini yao alikuwa kaizari bado. Akarudi mji mkuu, akatawala."

Kicheko kikafa. Mwalimu akapiga makofi, wazazi wakafuata.

Njiani nikamsimulia mama yale ambayo muda haukuniruhusu: kwamba utawala ule haukufika mbali, kwamba shujaa mmoja aliyempigania alimgeuka, na kaizari akafia milimani, upanga mkononi, akisisitiza kwamba kiti ni chake. Mama akasema tu, "Huyo hakukubali kuitwa jina jingine." Mimi nilitembea kifua mbele, nikijua kwamba siku ile nimemtetea mama yangu.

Mwaka juzi nilikwenda Ihumwa kumwamkia Mwalimu Chilewa, ambaye sasa amestaafu. Ndipo aliponiambia. Wiki moja kabla ya siku ile alimwita mama, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, akamsomea kisa chote, akamshauri niiruke sehemu ya samaki ili watoto wasinicheke.

"Mama yako alinisikiliza hadi mwisho," akasema mwalimu. "Kisha akaniambia, 'Mwache aiseme, Mwalimu. Na mimi nitakuja nikae pale, anione.'"