Mamba Asiyekuwemo Kwenye Ratiba

Shangazi yangu ni fundi wa mapazia, na hajawahi kufika mahali kwa njia iliyonyooka. Mtume akanunue zipu mtaa wa pili, atarudi baada ya saa mbili: amesimama kutazama ukuta ukibomolewa, amejaribu kofia tatu ambazo hana nia ya kuzinunua, amemsaidia mtu asiyemjua kuchagua rangi ya mlango. Zipu kaisahau.

Mtu huyu aliolewa na Ratiba.

Hilo halikuwa jina lake, lakini mwishowe hata mama yake mzazi alimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kupanga saa za mabasi katika kampuni moja ya usafiri, na akirudi nyumbani aliendelea kupanga. Kila Desemba walikwenda kwao kwa gari, mwendo wa saa tano na nusu. Walisimama mara moja tu, kwenye kituo cha mafuta, ambako tangi lilijazwa na vibofu vikamwagwa. Aliyebanwa kabla ya hapo alihesabiwa kuwa hana malezi.

Mbele kidogo ya kituo kulikuwa na kibao kilichochorwa kwa mkono: MAMBA MKUBWA SANA, MITA 400, KARIBUNI. Mamba wa kwenye mchoro alifanana na mjusi aliyevaa viatu. Kwa miaka ishirini na sita shangazi alikipita kibao kile huku akigeuza shingo.

"Baba watoto, tuingie leo."

"Mwakani."

Mwaka huu moyo wa Ratiba ulisimama bila ruhusa. Kwenye droo yake tulikuta amejipangia mazishi: saa tatu kuondoka, saa nane na nusu kuwasili, saa tisa kuzikwa. Chini yake, kwa wino mwekundu: Hakuna kusimama ovyo. Mdogo wake aliitia karatasi ile kwenye bahasha ya plastiki na kuishika kifuani kama cheti cha ndoa.

Tukaondoka saa tatu kamili. Shangazi alikaa mbele kwenye gari la maiti, kati yangu na dereva. Nyuma yetu ilifuata pikapu ya shemeji yake, yule mwenye bahasha, kisha basi dogo la waombolezaji. Tangu msiba uanze shangazi hakuwa ametoa hata chozi moja, na mawifi zake walikuwa wameanza kunong'onezana. Tulipokipita kituo cha mafuta, alijiweka sawa kwenye kiti.

"Dereva, punguza mwendo."

"Kuna tatizo, mama?"

"Kuna mamba."

Dereva alimtazama kwa pembe ya jicho. "Mama, nikiwa na abiria wa nyuma huwa sisimami."

"Huyo hatalalamika. Itakuwa mara yake ya kwanza. Kata kushoto."

Dereva akakata kushoto. Msafara mzima ukakata kushoto, maana nani angejua? Tulipofika kwenye uzio, shemeji aliruka kutoka kwenye pikapu kabla haijasimama vizuri.

"Gari limeharibika?"

"Ni zima kabisa, shemeji. Nataka kumwona mamba."

"Mamba! Na kaka yangu humo ndani? Ameandika kwa mkono wake, hakuna kusimama!"

"Nimemtii miaka ishirini na sita. Dakika kumi anaweza kunisubiri. Ana haraka ya kwenda wapi?"

Wifi mkubwa alishika mdomo, sijui kwa mshtuko au kwa kicheko.

"Haya," shemeji alisema, akikunja mkono wa shati ili saa ionekane. "Dakika kumi. Ya kumi na moja tunaondoka naye. Utatukuta tumeshazika, na wazee nitawaeleza mwenyewe kwamba ulimwacha mumeo ukaenda kutazama mnyama."

Hakuwa akitania. Shangazi alimtazama, akafunga kitambaa chake vizuri, akaingia.

Mlinzi wa mahali pale, mama mmoja aliyevaa mabuti ya mpira, alituuliza tuko wangapi.

"Thelathini na mmoja," dereva alijibu, "ila mmoja anabaki garini."

Ndani kulikuwa na bwawa la maji ya kijani, waya, na benchi lenye miguu mitatu. Mamba hakuwepo.

"Yumo," mlinzi alisema. "Akijisikia, atatoka."

"Hujisikia lini?"

"Jumanne alijisikia."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Dakika ya tano ikapita, kisha ya saba. Waombolezaji walianza kuteremka kwenye basi, kwanza kwa kisingizio cha kunyoosha miguu. Punde nguo nyeusi zikajipanga kwenye waya mzima. Dakika ya tisa shemeji alipiga honi. Wifi mkubwa akamgusa shangazi bega.

"Twende, mwenzangu. Wataondoka kweli."

"Nendeni. Nikiondoka leo bila kumwona, sitarudi tena."

Honi ya pili. Ya tatu. Hatimaye shemeji alikuja mwenyewe kumtoa. Alikuwa amesimama karibu na waya, mkono umenyooka kuelekea kwenye magari, mdomo wazi kwa neno la mwisho, maji yalipopasuka nyuma yake. Kilichotoka kilikuwa kirefu kuliko pikapu yake. Kilipanda ukingoni taratibu, kikafungua kinywa, na shemeji, mtu mzima mwenye wajukuu, akageuka, akaruka kinyumenyume na kumkanyaga dada yake.

"Mama yangu wee!"

Hakuna aliyejizuia. Dereva alichuchumaa akishika mbavu. Shangazi alicheka mpaka akainama, akashika waya, machozi yakamtoka. Kisha tukagundua kwamba hacheki tena. Alilia kwa sauti, mbele ya mamba, na mawifi wakamzunguka wakalia naye. Shemeji hakutazama saa.

Ratiba alifika kwao saa tisa na dakika kumi. Wazee walikuwa wamesimama kaburini, wamenuna.

"Mmechelewa. Kulikuwa na nini njiani?"

Sote tulimgeukia shemeji. Alikohoa. Alimtazama shangazi, ambaye hakuinamisha macho.

"Baba zangu," alisema, "kulikuwa na mamba."

"Mamba gani?"

Ndipo alipoanza kupima kwa hatua, kutoka kichwani mwa kaburi hadi miguuni. Kaburi likawa fupi. Akaongeza hatua mbili.

"Tatu, shemeji," shangazi alisema. "Mkia hujauhesabu."