Cheti cha Mwalimu Dismas

Dionisia alikuwa mkunga kwa miaka kumi na tisa, na mkunga hatishwi na harufu. Damu, matapishi, maji ya uzazi, vyote alivishika kwa mikono yake kisha akaenda kula ugali. Lakini pikapu ya Mwalimu Dismas ilimshinda siku ile ya kwanza. Ilinuka mkojo wa mbuzi hadi kwenye kitambaa cha viti. Pembeni ya gia mwalimu aliweka chupa ya maji iliyokatwa shingo, na humo ndimo alimotemea ugoro wake. Gari likirukaruka kwenye makorongo, kile kitope cha kahawia kilichezacheza karibu na goti la Dionisia.

Alikuwa ametumwa na Sista Brigita, msimamizi wa zahanati ndogo ya misheni huko Kiegei. Dereva wao alistaafu, gari likabaki limeegeshwa chini ya mkorosho, kuku wakitagia ndani yake. "Dada Dionisia," Sista alimwambia, "mama akikwama na uchungu, tutamsubiri nani? Chukua likizo yako ukajifunze kuendesha." Basi Dionisia akakata leseni ya kujifunzia, akafikia kwa wifi yake Nachingwea mjini, akajiandikisha kwa Dismas.

Somo lilikuwa moja tu: kupeleka mbuzi Ruangwa. Kila asubuhi walipitia Marambo kuchukua mbuzi wa biashara ya Dismas, mbuzi wakafungwa miguu na kurundikwa nyuma, kisha wanafunzi wakapokezana usukani kwenye barabara iliyonyooka. Wanafunzi walikuwa wawili, yeye na kijana Modest, aliyetaka kuendesha malori ya mgodini. Dionisia alipouliza watajifunza lini kurudi nyuma, Dismas alitema kwenye chupa.

"Rivasi utaijua ukiwa na gari lako."

Siku ya tisa mbuzi mmoja alikufa njiani, amelaliwa na wenzake kwenye jua. Dismas alisimamisha gari, akamvuta mguu, akatoa kisu na kuukata shingo mzoga ule. Damu haikuruka, ilichuruzika nzito, nyeusi, ikaganda kwenye mchanga. Akamchuna haraka haraka, nzi wakimfuata mikononi, akafunga nyama kwenye kiroba. Modest alitazama pembeni. Dionisia hakuamini anachokiona mpaka walipofika Ruangwa, kwenye kibanda cha Mama Masoudi, muuza supu.

"Nyama mbichi hii," Dismas alisema, akitua kiroba. "Imechinjwa alfajiri na shehe mwenyewe."

"Mama, usiipokee," Dionisia akasema. "Mbuzi huyu amekufa njiani. Ni kibudu."

Mama Masoudi alishika kifua. "Astaghfirullah! Dismas, mimi unilishie watu kibudu?" Akakipiga kiroba teke, paja likabiringika hadi kwenye viatu vya mwalimu. Dismas akaliokota, akalipangusa kwenye suruali yake, akalirudisha ndani.

"Wewe mama, umekuja kujifunza gari au kukagua nyama?"

"Gari. Na leo siku ya tisa, sijarudi nyuma hata hatua moja."

Kesho yake Dismas hakumpeleka popote. Alimkabidhi cheti. Kilisema Dionisia amesoma wiki nne, amefaulu kurudi nyuma, kuegesha, kuondoa gari kwenye mlima. Alama zote juu ya themanini. Kwenye pembe ya karatasi palikuwa na doa la ugoro. Modest alikuwa na chake, anakenua.

"Chukua, dada. Mengine tutayajua mbele kwa mbele."

"Huko mbele kuna watu, Modest."

Alikiweka cheti juu ya boneti, akaenda kunawa mikono kwa wifi yake. Akanawa tena.

Alirudi Kiegei mikono mitupu, na wapo waliomcheka. Likizo iliyofuata alianza upya kwenye chuo kingine, Masasi, ambako walimrudisha nyuma kati ya vijiti mpaka shingo ikakakamaa. Kwenye mtihani wa trafiki aligonga kijiti, akaangushwa. Alirudi baada ya wiki mbili, akapita. Alipopewa leseni aliigeuza pande zote. Modest alikuwa na yake tangu mwaka uliopita, kwa kile cheti cha Dismas, na ilikuwa kadi kama hiyo hiyo.

Siku hizi yeye ndiye anayewapeleka akina mama hospitali ya wilaya. Akiona lori linakuja kwenye kona za Naipingo, hutoa gari barabarani kabisa, akasimama majanini, akalisubiri lipite huku mama anagugumia nyuma. Sista Brigita humwuliza anaogopa nini, na leseni anayo.

"Nao wanayo, Sista," husema, kisha hutia gia.