Korongo Nyuma ya Shule Yetu

Nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari, huko Kabondo, wakati mwalimu wetu wa jiografia alipofunga kitabu katikati ya somo la mmomonyoko wa udongo. Picha za kitabu kile zilikuwa za milima ya Ufaransa. Alituambia tutoke nje, akatupeleka nyuma ya shule.

Hapo palikuwa na korongo. Miaka miwili kabla, serikali iliamua kujenga nyumba za wafanyakazi wake kwenye mteremko ulio juu ya shule. Miti yote iliondolewa, udongo ukabaki uchi, na mvua zilipoanza maji yakashuka bila kitu cha kuyazuia. Kwanza yalichimba mfereji mwembamba, tukawa tunauruka tukicheza. Sasa hata mwalimu, na alikuwa mrefu kweli, angesimama ndani asionekane.

Mimi na wenzangu wawili tulipewa kazi ya kuchomeka vijiti ardhini, kimoja kila hatua, kuanzia ukingoni hadi ukuta wa darasa. Baada ya kila mvua kubwa tulihesabu vilivyobaki, tukaandika kwenye daftari. Vijiti vilipoanza kuanguka sikuogopa. Nilijiona mtu anayejua jambo ambalo wakubwa bado hawajalijua.

Mwalimu alipotafuta wa kusoma ripoti mbele ya wazazi, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nikaandika yote bila kusita, mpaka nilipofika kwenye buldoza iliyokwangua mteremko. Dereva wake alikuwa papa, baba yangu mzazi.

Jioni tukila lituma, ndizi zilizopikwa na kupondwa, nilimsomea nilichoandika, nikamwambia naweza kuifuta sehemu ile. Alimaliza kwanza kutafuna.

"Usifute," alisema. "Ile miti ni mimi nilikata. Lakini uandike pia, waliniambia nisiache hata muti moja."

Nikaandika hivyo hivyo.

Siku ya wazazi, mjumbe wa chama tawala katika mtaa wetu alikaa mstari wa mbele. Nilipomaliza kusoma aliniuliza, kwa upole mwingi, kama nilikuwa nasema chama kimekosea kuwajengea watu nyumba. Mwalimu alitazama viatu vyake. Miaka ile, jibu baya kwa swali kama hilo lingeweza kumpotezea kazi, naye alikuwa na watoto wadogo.

"Hapana, citoyen," nilijibu, maana miaka ile kila mtu aliitwa hivyo, yaani raia. "Nyumba ni nzuri. Lakini maji hayakuachiwa njia, na ukingo uko hatua nane tu kutoka darasani."

Papa akasimama. Alieleza kwamba amefanya kazi kwenye mteremko ule miezi mingi, anajua maji yanatokea wapi, na akipewa watu Jumamosi, siku ya salongo, ataonyesha pa kuchimba mifereji. Salongo ilikuwa kazi ya lazima kwa raia wote, na mara nyingi tulifagia tu barabara ambazo wakubwa wangepita. Mjumbe alifikiri kidogo. Nadhani aliona tayari jinsi atakavyoiandika kazi hiyo kwa wakubwa wake. Akakubali.

Tulifanya Jumamosi nyingi. Watu walileta miche ya mianzi na magunia ya nyasi kwenye baiskeli, huku wengine wakinung'unika waziwazi. Papa, bila mashine yake, alipanda na kushuka mteremko akiwa na jembe, kamba na chupa ya maji iliyolazwa ili kupima mwinamo. Mfereji wa kwanza ulibomoka kwa mvua moja. Aliuchimba upya kwa kuukata mteremko kwa mshazari, akautandika mawe, na huo ukashika.

Hatukuokoa kila kitu. Nyumba moja ya juu ilipasuka ukuta, na familia iliyokuwamo ikahama. Lakini ukingo ulisimama mahali ulipokuwa. Msimu uliofuata tulisomea darasani mule mule, na mvua ilipopiga mabati mwalimu alilazimika kupaza sauti ili tumsikie.